Dawa za saikosisi za kizazi kipya na vipokezi vya adrenalini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wagonjwa, kwa ndugu wanaowauguza nyumbani, na kwa wauguzi wa vituo ambavyo daktari wa magonjwa ya akili hupita mara moja moja. Nimeyajibu kama mfamasia. Yanahusu upande mmoja tu wa klozapini, risperidoni, olanzapini, kwetiapini na nyinginezo za kundi hilo, zinazotibu saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo: namna zinavyogusa vipokezi vya adrenalini. Upande huu hauzungumzwi vya kutosha. Mgonjwa huambiwa kuhusu kunenepa na kuhusu sukari, kisha anaondoka na dawa bila kujua kwamba kesho asubuhi akikurupuka kitandani anaweza kuanguka. Hilo linaniuma, kwa sababu madhara ya upande huu hutabirika, na mengi huzuilika.

Kaka yangu ameanza klozapini wiki hii. Akiinuka kitandani anaona giza, na juzi nusura aanguke. Je, dawa imemkataa?

Hapana. Mtu yeyote akisimama, damu kati ya nusu lita na lita nzima hushuka kwenda miguuni na tumboni. Kwa kawaida hatulitambui hilo. Shingoni na kifuani kuna vihisio vinavyopeleka taarifa kwenye ubongo kwamba presha imeshuka, neva zinamwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye kuta za mishipa, mishipa inajibana, na damu inarudi juu ndani ya sekunde chache. Noradrenalini hiyo hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye vipokezi viitwavyo alfa-1.

Klozapini huvikalia vipokezi hivyohivyo. Neva zinatoa amri, noradrenalini inamwagwa, lakini haipati pa kushika. Mishipa inabaki imelegea, ubongo unapungukiwa damu kwa muda, na kaka yako anaona giza, masikio yanavuma, miguu inaisha nguvu. Akikaa au kulala, damu inarudi na hali inatulia.

Mwili huzoea. Kwa wengi kizunguzungu hupungua ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache. Mwarifu daktari leo, kwa sababu huenda kasi ya kupandisha dozi inahitaji kupunguzwa, lakini msiiache dawa kwa uamuzi wenu. Ugonjwa ukirudi kwa nguvu, kuutuliza tena ni kazi ngumu kuliko kurekebisha presha.

Vipokezi vya adrenalini ni nini hasa?

Ni protini zilizokaa kwenye utando wa seli, zinazopokea ujumbe wa adrenalini na noradrenalini. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alionyesha kwamba viko vya namna mbili, akaviita alfa na beta. Tangu hapo mgawanyo umeendelea, na leo tunahesabu aina tisa: tatu za alfa-1, tatu za alfa-2 na tatu za beta.

Alfa-1 vimejaa kwenye misuli laini: kuta za mishipa ya damu, shingo ya kibofu, tezi dume, misuli inayopanua mboni ya jicho, mishipa ya ndani ya pua. Vikiamshwa, misuli hujibana. Alfa-2 vingi viko kwenye neva zenyewe na kazi yake ni ya breki: noradrenalini ikizidi, huiambia neva ipunguze kumwaga. Beta viko kwenye moyo, kwenye njia za hewa na kwingineko.

Dawa nyingi tunazozizungumzia hugusa alfa-1 sana, alfa-2 kwa viwango tofauti, na beta karibu hazivigusi.

Nilifundishwa kwamba dawa hizi zinafanya kazi kwenye dopamini. Mishipa ya damu inaingiaje?

Dopamini, noradrenalini na serotonini, kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana ujumbe, zina maumbo yanayokaribiana, na vipokezi vyake pia ni jamaa. Dawa iliyotengenezwa ikae kwenye kipokezi kimoja hujikuta inakaa na kwa jirani. Kizazi kipya kilitengenezwa kwa makusudi kiguse zaidi ya dopamini, hasa serotonini, ili kupunguza ule mkakamao na kutetemeka kulikoletwa na dawa za zamani. Alfa-1 viliingia kwenye mkumbo huo.

Jambo la kuangalia ni ukubwa wa tofauti. Klozapini hushika alfa-1 kwa nguvu mara nyingi zaidi kuliko inavyoshika vipokezi vya dopamini vya aina ya D2. Kwetiapini vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kabla dozi haijafika pale inapotuliza sauti na mawazo ya kuandamwa, mishipa ya damu imekwisha kuathirika muda mrefu. Haloperidoli ni kinyume chake: hushika D2 kwa nguvu sana na alfa-1 kwa nguvu ndogo, kwa hiyo dozi inayotibu huigusa presha kidogo, ingawa mgonjwa anaweza kukakamaa shingo na taya.

Dawa ipi inashusha presha zaidi?

Klozapini iko juu kabisa, pamoja na iloperidoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 na ambayo dozi yake lazima ipandishwe kidogo kidogo kila siku kwa sababu hii hii. Zinafuata kwetiapini na risperidoni, na paliperidoni ambayo ndiyo risperidoni inavyogeuka ikishapita kwenye ini. Olanzapini iko chini yake kidogo, ila sindano yake ya misuli inayotumika kumtuliza mgonjwa haraka inaweza kushusha presha vibaya, hasa ikichanganywa na sindano ya dawa za jamii ya diazepamu. Aripiprazoli na lurasidoni huleta tatizo hili mara chache. Amisulpiridi kwa vitendo haivigusi vipokezi hivi.

Watu wakisikia "kizazi kipya" hudhani ni dawa nyepesi kwa kila kitu. Kwa presha sivyo. Mgawanyo wa zamani na mpya hautusaidii hapa, kwa kuwa klopromazini, ambayo aliyewahi kuuguza mgonjwa katika hospitali za akili za Mirembe, Mathari au Butabika huenda anaikumbuka kwa jina la Largactil, ni ya zamani na inafunga alfa-1 kwa nguvu kama klozapini. Uliza dawa yenyewe inafanya nini, usiulize kizazi.

Mbona daktari ameanza na dozi ndogo hivi? Mgonjwa wetu yuko katika hali mbaya.

Naelewa haraka yenu. Kuona ndugu yako anazungumza na watu wasioonekana, halafu ukapewa nusu kidonge, kunavunja moyo. Lakini dozi hiyo ndogo inalinda maisha yake.

Klozapini huanzwa kwa miligramu 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25, mara moja au mara mbili kwa siku ya kwanza. Kisha huongezwa taratibu, kwa kawaida miligramu 25 hadi 50 kwa siku kama mgonjwa anaivumilia, hadi kufikia 300 au 450 baada ya wiki mbili hivi. Kuna wagonjwa ambao presha na mapigo yao yameporomoka kwa dozi ya kwanza tu. Ni nadra, lakini imetokea, na mara nyingine kupumua kukasimama. Kwetiapini kwa skizofrenia huanzwa kwa miligramu 25 mara mbili kwa siku, ingawa dozi ya matibabu ni mamia. Ngazi zote hizo zimewekwa ili mishipa ipate nafasi ya kuzoea.

Ikiwa hali ni mbaya kiasi kwamba hamwezi kusubiri, semeni wazi. Daktari anaweza kumlaza, au kumpa dawa nyingine ya kumtuliza wakati ile ya msingi inapanda.

Dawa ziliisha, akakaa siku tatu bila kumeza klozapini. Sasa tumepata. Aendelee pale alipoishia?

Asiendelee pale alipoishia! Kama kuna jibu moja ningependa lisomwe na kila familia, ni hili.

Mwili hupoteza mazoea haraka kuliko watu wanavyofikiri. Mgonjwa aliyekuwa anameza miligramu 400 kila siku bila shida, akikaa saa 48 au zaidi bila dawa, mishipa yake ni kama ya mtu ambaye hajawahi kuionja. Akimeza zile 400 kwa mpigo anaweza kuzimia, kuanguka vibaya, hata moyo kusimama. Baada ya saa 48 klozapini huanzwa upya kwa miligramu 12.5. Daktari anaweza kuipandisha haraka zaidi kuliko mara ya kwanza kama dozi hiyo ndogo imevumilika, lakini uamuzi huo ni wake, na presha ipimwe.

Kwa iloperidoni mpaka ni zaidi ya siku tatu. Kwa kwetiapini ni zaidi ya wiki moja. Kwa risperidoni pia ni salama kurudi kwa ngazi badala ya kuruka juu.

Mazingira ya hatari nayajua: dawa imekosekana kwenye duka la hospitali, nauli ya kwenda mjini haipo, mgonjwa amesafiri msibani akasahau kibegi, au amelazwa wodi nyingine kwa malaria na hakuna aliyeuliza dawa zake za akili. Halafu dawa inapatikana na kila mtu anafurahi, anapewa dozi kamili "ili afidie." Muuguzi unayesoma hapa, kabla hujampa mgonjwa dozi yake ya kawaida, muulize ndugu swali moja: mara ya mwisho alimeza lini?

Presha ipimwe vipi ili tatizo hili lionekane?

Kupima mgonjwa akiwa amekaa kwenye benchi la kliniki hakutoshi. Anaweza kukaa na 120/80 nzuri kabisa, akasimama akaanguka.

Alale chali dakika tano, bila kuzungumza. Pima, andika. Asimame, mtu mmoja akiwa karibu naye. Pima baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu, mkono uleule, huku kiganja kimeegemezwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, presha yake inashuka kwa kusimama. Mfano: amelala 126/80 na mapigo 84, dakika ya kwanza 98/66 na mapigo 116, dakika ya tatu 102/68. Hapo tatizo lipo, hata kama anasema hajisikii kizunguzungu. Mapigo yaliyoruka kutoka 84 hadi 116 yanaonyesha moyo unajaribu kufanya kazi ambayo mishipa imeshindwa kuifanya.

Kama mna mashine ya mkononi nyumbani, fanyeni hivi asubuhi kabla ya dozi na tena saa mbili au tatu baada ya dozi, hasa katika siku za kupandisha. Andikeni kwenye daftari, pamoja na saa. Daftari la namna hiyo humsaidia daktari kuamua kwa dakika mbili jambo ambalo vinginevyo angelibahatisha.

Nyumbani tufanye nini kupunguza kizunguzungu?

Kuinuka kwa hatua: aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, akunje na kukunjua vidole, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Usiku ndipo watu huanguka zaidi, wanapokwenda chooni gizani wakiwa na usingizi wa dawa. Kama choo kiko nje, wekeni ndoo chumbani kwa wiki za mwanzo. Wanaume wakojoe wakiwa wamekaa au wamechuchumaa.

Anywe maji ya kutosha mchana kutwa. Nusu lita ya maji kabla ya kutoka kitandani inaweza kupandisha presha kwa muda, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa apunguze maji. Akianza kuona giza akiwa amesimama mahali asipoweza kukaa, kwenye foleni au ndani ya daladala, apishanishe miguu na abane mapaja na makalio kwa nguvu. Misuli hiyo inasukuma damu juu. Kuoga maji ya moto sana kunalegeza mishipa zaidi. Pombe pia.

Daktari naye ana njia: kugawa dozi, kuweka sehemu kubwa usiku, kupunguza kasi, soksi za kubana, na kwa wachache dawa ya fludrokotisoni inayosaidia mwili kubaki na chumvi na maji.

Mume wangu anatumia kwetiapini na Ramadhani imekaribia. Afunge?

Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na hilo aambiwe na mtu anayemheshimu ili asijione mpungufu wa imani. Kwa upande wa dawa, saa nyingi bila maji katika joto la Mombasa, Zanzibar au Muscat hupunguza maji ya damu, na mishipa ambayo tayari imelegezwa haina namna ya kufidia. Aliye kwenye wiki za kupandisha dozi, mzee, au aliyewahi kuzimia, ushauri wangu ni asifunge. Aliyetulia kwenye dozi ileile kwa miezi anaweza kuzungumza na daktari mapema, si usiku wa kuamkia mwezi, ili dozi ihamishiwe usiku na asiruke daku. Kujipangia mwenyewe kumeza dozi mbili kwa pamoja wakati wa kufuturu ni hatari.

Mapigo ya moyo yanakwenda mbio tangu aanze klozapini. Ni presha hii hii?

Kwa sehemu. Presha ikishuka moyo hukimbia kufidia. Lakini klozapini pia huzuia neva inayopunguza kasi ya moyo, kwa hiyo mapigo yanaweza kubaki juu hata mgonjwa akiwa amelala. Wagonjwa wengi hupata hali hiyo mwanzoni na kwa kawaida si ya kutisha. Kuna jambo moja lisichanganywe nayo: mapigo ya haraka pamoja na homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au uchovu usio wa kawaida katika wiki za mwanzo yanaweza kuwa ni uvimbe wa misuli ya moyo unaoletwa na klozapini. Huo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Pua imeziba, mto unalowa mate, na usiku anakojoa kitandani. Vinahusiana?

Vinahusiana, na nashukuru umeuliza, kwa sababu wagonjwa hunyamaza kwa aibu hadi wanaiacha dawa kimyakimya. Pua huziba kwa sababu mishipa ya ndani yake, ikikosa amri ya alfa-1, inavimba damu. Mkojo huponyoka kwa sababu shingo ya kibofu hujibana kwa amri hiyohiyo, na usingizi mzito unamfanya asishtuke. Mate ya klozapini yana sababu zaidi ya moja. Kufungwa kwa alfa-2 ni mojawapo inayotajwa, na ndiyo maana madaktari wengine hutumia klonidini, inayoamsha alfa-2, kuyapunguza.

Kwa wanaume manii huweza kutotoka wakati wa tendo la ndoa, au kurudi nyuma kibofuni. Mwanaume anafika kileleni lakini hakitoki kitu. Si ugonjwa wa zinaa wala hajalogwa. Kama anataka mtoto, amweleze daktari. Dawa nyingine inaweza kufaa.

Uume umesimama kwa saa nyingi bila hamu yoyote. Tusubiri?

Msisubiri. Ukikaa umesimama zaidi ya saa nne mfululizo ni dharura. Alfa-1 ndivyo vinavyobana mishipa ili damu itoke na uume ulale. Vikifungwa, damu inaweza kukwama na tishu kufa kwa kukosa hewa, na mwanaume akapoteza uwezo wake moja kwa moja. Risperidoni, kwetiapini, klozapini, olanzapini na klopromazini zote zimewahi kuleta hali hii, hata kwa mtu aliyeitumia dawa muda mrefu. Hospitali huvuta damu iliyokwama na kuchoma fenilefrini, dawa inayoamsha alfa-1. Aende usiku huohuo, aibu iwekwe kando.

Anatumia dawa nyingine. Zipi zinaongeza hatari?

Za presha, zote, kwa kujumlishana. Za tezi dume kama tamsulosini, doksazosini na prazosini, ambazo nazo hufunga alfa-1. Mzee aliyepewa tamsulosini kliniki moja na risperidoni kliniki nyingine anafungwa kipokezi kilekile mara mbili. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume ambayo vijana hununua dukani bila kusema. Dawa za usingizi. Kwa klonidini na metildopa mambo ni tofauti: hizo hushusha presha kwa kuamsha alfa-2 vya ubongoni, na dawa inayofunga alfa-2 inaweza kupunguza nguvu yake. Mjamzito anayetumia metildopa apimwe presha kwa karibu zaidi.

Kisha kuna dawa zinazobadilisha kiwango cha dawa yenyewe mwilini, na hapa kwetu tatu zinahitaji macho. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya mchanganyiko wa dawa za VVU, hupandisha kwetiapini sana: maelekezo ya Marekani yanataka dozi ishuke hadi sehemu ya sita, na Ulaya mchanganyiko huo umekatazwa. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina tatizo hilo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, inaishusha risperidoni na kwetiapini. Daktari akipandisha dozi kufidia, kisha matibabu ya kifua kikuu yakaisha, kiwango kinapanda tena na mgonjwa anaanza kuanguka bila mtu kujua kwa nini. Fluoksetini huipandisha risperidoni.

Na sigara. Moshi wake hulifanya ini liichome klozapini haraka. Mvutaji akilazwa wodini asikopata sigara, au akiacha, kiwango kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi katika siku chache. Kuacha sigara ni jambo jema, ila daktari ajue kabla.

Bibi yangu ana miaka 78. Kuna la ziada?

Aanzwe na dozi ndogo kuliko ya kijana, ipandishwe polepole zaidi. Vihisio vyake vya presha vimechoka, mara nyingi ana dawa nyingine za presha, na mfupa wa nyonga ukivunjika maisha hubadilika. Akiwa na ugonjwa wa kusahau, ulizeni kama dawa hii inahitajika kweli: tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kwamba dawa za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wenye tatizo hilo. Na akipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mtajieni daktari wa macho dawa hizi. Misuli ya mboni iliyolegezwa inaweza kuyumba katikati ya upasuaji, na akijua mapema hujiandaa.

Nimeshauriwa kwetiapini miligramu 25 kwa ajili ya usingizi tu. Si kidogo sana kuleta madhara?

Ni kidogo sana kutibu saikosisi. Si kidogo kwa vipokezi vya histamini, kemikali inayotuweka macho, na vya alfa-1, ambavyo hushikwa kwanza, na ndiyo sababu inaleta usingizi. Kwa hiyo unapata kizunguzungu cha usiku bila kupata ile faida kubwa ambayo dawa iliundwa kwa ajili yake. Mimi sishauri itumiwe hivyo kwa mtu asiye na tatizo jingine, na nisingependa kuiona ikiuzwa dukani kama dawa ya usingizi.

Swali la muuguzi: mgonjwa amemeza vidonge vingi, presha 70/40. Nimpe adrenalini?

Kwa presha iliyoshuka kwa sababu hii, hapana, na inafaa kuelewa kwa nini. Adrenalini huamsha alfa na beta. Alfa hubana mishipa, beta-2, mojawapo ya zile beta tatu, huilegeza. Kwa mtu wa kawaida alfa hushinda na presha inapanda. Kwa huyu alfa-1 vimefungwa, inabaki beta-2 peke yake, mishipa inalegea zaidi na presha inazidi kushuka. Mtafiti Mwingereza Henry Dale aliliona jambo hili mwaka 1906 kwa dawa zitokanazo na kuvu wa nafaka. Dopamini ya dripu pia iepukwe. Mlaze, inua miguu, linda njia ya hewa, mpe dripu. Ikihitajika dawa ya kupandisha presha, iwe noradrenalini au fenilefrini, na rufaa ianze mapema. Mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, usihukumu haraka kwamba ni heroini: olanzapini na klozapini nazo hufanya hivyo.

Kuna jambo moja la kutofautisha. Mgonjwa anayetumia dawa hizi akipata mzio mkali, wa kuvimba koo na kushindwa kupumua, adrenalini bado ndiyo dawa ya kwanza. Usimnyime.

Je, kugusa vipokezi hivi kuna faida yoyote, au ni madhara matupu?

Kuna hoja nzito kwamba faida ipo, na kwangu hili ndilo eneo linalovutia kuliko yote. Klozapini ina fumbo: huwasaidia wagonjwa ambao dawa nyingine zimewashinda, lakini hufanya hivyo ikiwa imekalia vipokezi vichache vya D2 kuliko zile zilizoshindwa. Dawa nyingi huhitaji kukalia karibu theluthi mbili ya D2 ili zifanye kazi. Klozapini mara nyingi haifiki hapo. Kwa hiyo kitu kingine kinachangia.

Watafiti wakaangalia alfa-2. Ukiifungua breki hiyo, noradrenalini na dopamini huongezeka kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kukumbuka, ambako upungufu wake unahusishwa na mgonjwa kujitenga na kupoa. Miaka ya 1990 nchini Marekani wagonjwa waliokuwa kwenye flufenazini, dawa ya zamani, waliongezewa idazoksani, inayofunga alfa-2, na baadhi wakapata nafuu iliyokaribia ya klozapini. Walikuwa wachache mno kubadilisha matibabu. Kufunga alfa-1 nako kunadhaniwa kupunguza msisimko na hofu. Kwetiapini ina njia yake: ini huigeuza kuwa norkwetiapini, inayozuia neva kuirudisha noradrenalini ndani, na hilo huenda linaeleza kwa nini inasaidia pia sonona.

Kwa nini amepewa propranololi, kama dawa hizi hazigusi beta?

Mara nyingi ni kwa ajili ya kutotulia: miguu inamwasha, hawezi kuketi, anatembea chumbani usiku kucha. Hali hiyo inatoka kwenye dopamini, na propranololi, inayofunga beta, huipunguza. Mwenye pumu aseme kabla ya kuimeza, na kumbukeni kwamba nayo inashusha presha.

Ni lini tumkimbize hospitali bila kungoja siku ya kliniki?

Akizimia na kupoteza fahamu, hata kama ameamka mwenyewe. Akianguka na kugonga kichwa. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90 na anajisikia vibaya. Akipata maumivu ya kifua, homa au kupumua kwa shida katika wiki za mwanzo za klozapini. Akiharisha au kutapika hadi hawezi kubakiza maji, maana hapo presha itaporomoka kwa dozi aliyokuwa ameizoea. Mkienda, bebeni pakiti zote za dawa anazotumia, pamoja na zilizonunuliwa dukani na za miti shamba, na mwambieni mhudumu saa aliyomeza dozi ya mwisho na ilikuwa miligramu ngapi.